Kafi lenye nguvu kuliko mengine: kisa cha kundi moja la wanafunzi katika Ghuba ya Mwanza

Kundi lilikuwa la wanafunzi saba wa mwaka wa tatu katika chuo kimoja hapa Mwanza. Kazi yao ya muhula ilikuwa kwenda mialoni, yaani ufukweni wavuvi wanaposhusha mzigo, kuzungumza na akina mama wanaochakata dagaa, na kukadiria kiasi kinachoharibika msimu wa mvua kabla hakijafika sokoni. Ni swali la karibu na lenye maana. Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa kwa taa usiku wa giza la mwezi, hufikishwa ufukweni alfajiri, na wengi bado huanikwa juu ya mchanga. Mvua ikiwakuta hawajakauka, mzigo unaoza, au unashuka daraja na kuishia kwenye chakula cha kuku. Mama aliyenunua kwa mkopo ndiye anayebaki na deni.

Rasimu ya kwanza ilinisikitisha kwa sababu moja. Sehemu ya pili ilihesabu dagaa kwa ndoo, sehemu ya tatu kwa gunia, na majumuisho yakachukua namba zote mbili na kuzijumlisha kana kwamba ni kipimo kimoja. Kosa hilo halihitaji utaalamu kuligundua. Linahitaji mtu mmoja tu asome kurasa za mwenzake, na katika watu saba hakupatikana hata mmoja.

Nilipowaita, mwenyekiti wa kundi alisema lile linalosemwa kila mwaka: wenzake wanabebwa. Yeye na rafiki yake ndio waliokesha, ndio waliochapa, ndio waliolipia uchapishaji. Wale wengine walinyamaza kwanza, kisha mmoja akasema, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kukata tamaa, "Mwalimu, tukituma kitu anakifuta, anaandika upya. Sasa tuandike cha nini?"

Kauli hizo mbili ndizo kisa chenyewe. Ukiisikiliza ya kwanza peke yake, dawa ni kuwabana wavivu. Ukiisikiliza ya pili peke yake, dawa ni kumwondoa mwenyekiti. Ukweli ni kwamba zote mbili zilikuwa za kweli kwa wakati mmoja na kila moja iliizaa nyingine, ila mezani pangu hapakuwa na maneno ambayo yangewafanya walione duara hilo. Walikuwa wameshajipangia nani mkosaji kabla hawajaingia ofisini.

Kwa nini tulikwenda ziwani

Ndipo nikaamua kuwapeleka ziwani wakapige kafi katika mtumbwi mmoja. Elimu ya vijana kupitia safari, mlima na maji ina historia ndefu, na sehemu yake kubwa ilianzia kwenye mashua. Kurt Hahn, mwalimu Mjerumani aliyekimbilia Uingereza mwaka 1933 baada ya Hitler kushika madaraka, alishirikiana mwaka 1941 na mwenye meli Lawrence Holt kufungua shule ya Outward Bound huko Aberdovey, Wales. Meli za biashara zilikuwa zikizamishwa vitani, na Holt aliamini kwamba mabaharia vijana waliokolewa kwa shida kuliko wazee, si kwa kukosa nguvu bali kwa kukosa uzoefu na kujiamini. Baadaye mkondo huo ulifika Afrika Mashariki, kwenye shule ya mlimani ya Loitokitok, upande wa Kenya wa Kilimanjaro.

Lakini mtu wa Mwanza hahitaji kwenda Wales ili aone kundi likifundishwa kwenda sawa. Bugobogobo, ngoma ya majembe ya Wasukuma, ilikuwa kazi kabla haijawa burudani ya jukwaani. Ngoma inapiga, majembe yanapanda na kushuka pamoja, na shamba ambalo kaya moja ingelilima kwa siku nyingi linageuzwa kwa asubuhi moja. Vijana wa kijiji walikuwa na umoja wao wa kazi na kiongozi wao, nsumba ntale, ambaye kazi yake ilikuwa kuwapanga. Nilitaka wanafunzi wangu walikumbuke hilo kabla ya kumkumbuka Hahn.

Tulikwenda Jumamosi na Jumapili, pwani ya Luchelele, ndani ya ghuba. Usalama ulichukua muda mwingi wa maandalizi kuliko mazoezi yenyewe, na nauelezea kwa kirefu kwa sababu wapo wanaoruka hapa. Ziwa hili limeua watu wa mkoa huu. MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996 ikiwa njiani kuja Mwanza na kuchukua mamia ya watu. MV Nyerere ilipinduka tarehe 20 Septemba 2018 ikiwa imekaribia kabisa kufika kisiwa cha Ukara, wakafa zaidi ya 220. Hakuna mwalimu mwenye haki ya kuwapeleka watoto wa watu majini kwa sababu tu anataka washirikiane. Kila mmoja alivaa jaketi la kujiokolea lililofungwa na kukaguliwa ufukweni. Mtumbwi wa pili wenye injini ulitufuata muda wote. Tulisoma utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa jioni na asubuhi. Hatukuvuka kwenda ng'ambo. Tulifuata ukingo tu. Tuliingia majini asubuhi mapema, kwa sababu nchi kavu ikishapata joto upepo wa ziwani hupanda na mawimbi nayo hupanda. Tulichagua sehemu yenye mchanga wazi, mbali na matete, kwa ajili ya kichocho, ambacho konokono wake hupenda maji yaliyotulia kwenye majani, na pia kwa ajili ya mamba na viboko. Kila aliyegusa maji alipewa tarehe ya kwenda kupima kichocho wiki sita hadi nane baadaye, kwa kuwa ukipima mapema mno vipimo havioni kitu.

Mwanafunzi mmoja, msichana wa Ukerewe, alikataa kupanda mtumbwi. Alikuwa na ndugu ndani ya MV Nyerere. Hakuombwa kueleza zaidi, wala hakubembelezwa. Walimu wa fani hii wana msingi ambao mimi naushika kama sheria: mshiriki ndiye anayechagua kiwango cha changamoto yake, na kukataa ni chaguo kamili. Kundi likaulizwa: mwenzenu yuko nchi kavu, atafanya nini ambacho ninyi mliomo majini hamwezi? Wakafikiri, wakampa kazi ya kukaa juu ya jabali na kuchora kwenye daftari njia ambayo mtumbwi unapita. Nakiri kwa furaha kwamba wazo hilo lilikuwa lao wenyewe, na ndilo lililobeba siku nzima.

Kilichotokea majini

Mtumbwi ulikuwa wa mbao, wa kawaida wa wavuvi. Wapigaji kafi sita, watatu kila upande. Mwenye mtumbwi, mzee wa pale Luchelele, alikaa nyuma kabisa na maelekezo ya kutogusa usukani ila pakiwa na hatari. Kazi: kuzunguka jiwe lililosimama majini na kurudi na mzigo wa hema na unga wa ugali wa jioni ukiwa mkavu. Jinsi ya kukaa, nani atoe amri, kasi gani, vyote viliachwa kwao.

Mwenyekiti alijiweka mbele kushoto. Ni kijana mwenye kifua, amekulia Mwanza, na kafi hakulishika kwa mara ya kwanza siku ile. Alipiga kwa nguvu zake zote na kuwahimiza wenzake kwa sauti kila baada ya mapigo machache. Kila alipohimiza, omo, yaani ncha ya mbele ya mtumbwi, ilikwenda kulia. Aliyekaa nyuma upande huohuo wa kushoto, akiona mtumbwi unaacha njia, akawa anazamisha kafi lake na kulishikilia majini ili kuurudisha. Kwa hiyo upande mmoja wa mtumbwi, mtu mmoja alisukuma na mwingine akafunga breki. Wale wa kulia walipiga haraka haraka kujaribu kulingana na mwenyekiti, wakagonganisha makafi, wakachoka. Walizunguka jiwe, ndiyo, ila kwa njia ndefu ajabu, na unga ulirudi umelowa pembeni.

Waliposhuka walikuwa na maelezo tayari: upande wa kulia umelegea. Yaani maelezo yaleyale ya ofisini, yamehamia ufukweni na kuvua viatu.

Kikao cha tathmini ndicho moyo wa mafunzo haya, na ndicho ambacho wengi hukifupisha kwa sababu watu wana njaa. Tulikaa chini ya mwembe. Swali la kwanza lilikuwa nini kilitokea, na nilizuia kabisa jibu lolote lenye jina la mtu. Kisha msichana wa jabalini akafungua daftari lake. Alikuwa amechora mstari wa njia, na pale aliposikia sauti ya mwenyekiti ikivuka maji ameweka nukta. Karibu kila baada ya nukta mstari uliinama kulia.

Pakawa kimya kirefu. Mwenyekiti alilitazama lile daftari, akaligeuza, akalirudisha. Mzee mwenye mtumbwi, ambaye mpaka hapo alikuwa akitengeneza wavu wake kana kwamba hatuhusu, akasema, "Mwanangu, anayepiga kafi kupita wenzake hauendeshi mtumbwi. Anaugeuza." Kisha akaeleza ufundi wake: wao humweka mbele mtu mwenye pigo lisilobadilika, hata kama hana nguvu, kwa sababu mbele ndiko kila jicho linakotazama. Mwenye nguvu hukaa nyuma yake na kufuata pigo hilo.

Waliporudi majini walimweka mbele msichana kutoka Shinyanga ambaye asubuhi ile ndiyo kwanza alikuwa ameshika kafi. Mmoja wao alijua wimbo wa bugobogobo, akauanzisha, na makafi yakaanza kushuka nao. Mchoro wa pili haukuwa mstari ulionyooka, lakini uliweza kutambulika kuwa ni safari ya kwenda mahali fulani.

Usiku, wakila ugali uleule wenye mabonge, walitunga sheria moja kwa ajili ya kesho: mtu yeyote mtumbwini akisema "turudi", mtumbwi unageuka kwanza, maswali baadaye. Jumapili upepo ulianza mapema kuliko siku iliyotangulia. Hawajafikia jiwe, msichana wa Shinyanga akasema neno hilo. Mwenyekiti alitaka kumaliza, uso wake ulionyesha wazi, ila aligeuza kafi pamoja na wengine. Hapakuwa na hatari kubwa. Nililolithamini ni kwamba waliitii sheria wakati ambapo kuivunja kungeonekana ni ushujaa.

Ninavyokisoma kisa hiki

Mwanzoni mwa karne iliyopita, mwaka 1913, mhandisi wa kilimo Mfaransa Max Ringelmann alichapisha majaribio yake ya watu kuvuta kamba. Aligundua kwamba kadiri wavutaji walivyoongezeka, ndivyo kila mmoja alivyotoa nguvu pungufu; walipofika wanane, kila mtu alitoa karibu nusu ya aliyoitoa akiwa peke yake. Mwaka 1974 Alan Ingham na wenzake walirudia kwa ujanja: mvutaji alifungwa macho na kuaminishwa kwamba wapo watu nyuma yake wanaovuta, kumbe hawavuti. Bado alilegea. Kwa hiyo upungufu una vyanzo viwili. Kimoja ni kutokwenda sawa, nguvu kupotea kwa sababu watu hawavuti kwa wakati mmoja. Cha pili ni kulegea kwa hiari, mtu akiona juhudi yake haionekani au haihitajiki.

Vyuoni tunazungumzia cha pili tu. Tunasema wanabebwa, tunatafuta namna ya kuwakamata. Mtumbwi ulionyesha kwamba chanzo cha kwanza kinaweza kukilisha cha pili, na kwamba mbebaji naye ana mkono wake humo. Mtu anayefuta kazi ya wenzake usiku na kuiandika upya anawafundisha, bila kukusudia, kwamba mchango wao hauna uzito. Wakishalifahamu somo hilo wanaacha kuchangia, na yeye anapata ushahidi mpya kwamba bila yeye hakuna kitu. Mwenyekiti huyu hakuwa na nia mbaya hata kidogo. Alikuwa na bidii ya kweli, na tangu shule ya msingi bidii hiyo ilikuwa ikisifiwa peke yake, bila kuulizwa inawafanya nini walio karibu nayo.

Ziwa lilitoa kitu ambacho darasa halina: matokeo ya haraka yasiyotoka kwa mwenye mamlaka. Alama ya ripoti huja baada ya wiki kadhaa, na hutoka kwa mwalimu ambaye anaweza kulaumiwa kwa upendeleo. Omo inapokwenda kulia, inakwenda kulia sekunde ileile, mbele ya wote, na hakuna wa kukatia rufaa. Hata hivyo matokeo hayo peke yake hayakutosha. Baada ya mzunguko wa kwanza walikuwa wameyaona yote kwa macho yao na bado wakayasoma vibaya. Yalihitaji daftari, yalihitaji muda wa kukaa, yalihitaji mtu anayezuia majina. Wakufunzi wanaoamini kwamba mlima au maji yatasema yenyewe wanapoteza nusu ya safari.

Ipo hoja ya upande wa pili ambayo siipuuzi. Huenda ziwa halikufanya chochote cha pekee. Huenda ni kupika pamoja, kulala hema moja, kukaa bila simu. Kwa kisa kimoja siwezi kuvitenganisha. Tafiti pana zinasaidia kidogo: mwaka 1997 John Hattie na wenzake walijumlisha tafiti 96 za mafunzo ya aina hii na kupata athari ya wastani ya 0.34 kwa kipimo cha kitakwimu cha ukubwa wa mabadiliko, kiwango cha kati kwa elimu, na la kushangaza zaidi, athari iliendelea kukua baada ya watu kurudi nyumbani, ambapo kwa kawaida mafunzo huanza kusahaulika. Lakini programu ndefu, za zaidi ya siku 20, zilifanya vizuri kuliko fupi. Mwisho wa juma mmoja ni kidogo. Anayeahidi kwamba siku mbili zitabadilisha tabia ya mtu anauza kitu ambacho hana.

Waliporudi kwenye ripoti

Wiki ya kwanza ilikuwa nzuri. Waliweka masharti matatu kwenye faili lao la pamoja: hakuna kufuta maandishi ya mwenzako, badala yake unaandika maoni pembeni; kila sehemu inasomwa na mtu ambaye hakuiandika; na ratiba ya wiki inapangwa kwa kasi ya mwenye muda mdogo kuliko wote. Msichana wa jabalini akapewa kusoma ripoti nzima, kwa maelezo kwamba yeye ndiye aliyeona mtumbwi wote. Kwa ajili ya ule mkanganyiko wa vipimo walirudi Mwaloni, Kirumba, wakaazima mizani, wakapima ndoo na magunia ya wafanyabiashara kadhaa. Waligundua kwamba hata ndoo kwa ndoo hazilingani, kwa sababu dagaa waliokauka vizuri kwenye vichanja na wale wenye unyevu wa mchangani hawana uzito mmoja. Ugunduzi huo ukawa sehemu bora kuliko zote ya ripoti yao.

Wiki ya tatu mwenyekiti alirudia kufuta. Tarehe ya mwisho ilikuwa imekaribia, na hofu humrudisha mtu kwenye mazoea yake ya zamani. Safari hii, hata hivyo, aliyekuwa akifutwa hakunyamaza. Aliandika kwenye kundi lao la WhatsApp maneno mawili: "Omo kulia." Wakaelewana bila kikao. Mfano wa pamoja unaotokana na jambo mlilolifanya kwa mikono yenu una uwezo ambao mwongozo wa maadili ya kazi za vikundi hauna.

Mmoja wao hakubadilika. Kijana aliyekaa kulia nyuma, aliyepiga kafi vizuri tu siku zote mbili, alirudi chuoni akawa haonekani. Kundi lilidhani ziwa limemshinda. Nilipomwita peke yake nikajua kwamba anaendesha bodaboda usiku ili alipe ada, na vikao vyote vilipangwa saa mbili usiku. Hakuna zoezi la majini ambalo lingelifichua hilo, kwa kuwa Jumamosi na Jumapili ile alikuwa amekodisha pikipiki kwa mwenzake na alikuwapo kama mtu mwingine yeyote. Kwa ridhaa yake wenzake waliambiwa. Walimpa kazi ya kwenda mialoni asubuhi, anapomaliza zamu yake, kuchukua bei za dagaa zikiwa bado zinatajwa. Hapo ratiba ile ya kasi ya mwenye muda mdogo ikapata maana ambayo walipoiandika hawakuwa nayo.

Ripoti ilichelewa kwa siku chache, na ilikuwa na sauti moja kutoka mwanzo hadi mwisho.

Kilichobaki ni upande wetu walimu. Tunatoa alama moja kwa kundi zima, kisha tunashangaa kwamba mwenye hofu ya kufeli anaandika kila kitu mwenyewe. Mfumo huo unamzawadia mbebaji na unamficha mbebwaji. Nimeipendekezea idara kwamba sehemu ya alama itokane na utetezi wa mdomo ambapo kila mwanafunzi anaeleza sehemu ambayo hakuiandika, na nyingine itokane na kumbukumbu za faili zinazoonyesha nani alitoa maoni na nani aliyapokea. Mzee wa Luchelele nimeshamwomba atutengee Jumamosi mbili muhula ujao: moja kabla kazi haijaanza, ya pili katikati, rasimu ya kwanza ikiwa imeshatoka na kila mtu anajua kinachomuuma.